Nyama ya Kawaida

Vijana wangu wawili mliochukua kibanda, mmeniomba niwaandikie namna ya kuchanganya unga wa choroko, kiasi cha maji, na ni siku ngapi bamba jipya la kukaangia lipakwe mafuta kabla halijaanza kutii. Hayo yote nimeyaandika kwenye karatasi nyingine. Iko kwenye droo, chini ya vitambaa safi. Karatasi hii ni ya jambo ambalo halipimwi kwa kikombe. Kuhusu vyeo msiniulize. Kibanda kilikuwa na watu wawili, nami nilikuwa wa pili kwa miaka karibu yote, mpaka mkubwa wangu alipoondoka nikawa wa kwanza kwa sababu hapakuwa na mwingine.

Niliingia kazini mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, umri wangu ukiwa umeshavuka hamsini. Kwetu Uvira, Kongo, nilikuwa fundi redio. Stockholm redio ikiharibika hutupwa, basi ufundi wangu ulibaki wa kusimulia tu. Rafiki wa kanisani aliniambia kuna mama wa Kichina mtaa wa Tensta anatafuta mtu wa kumsaidia, mtu mwenye mikono tulivu. Nikapanda metro asubuhi pale Hagsätra, mwisho wa njia ya kijani, nikabadili katikati ya mji, nikachukua ya bluu. Nilifika nikakuta, kwenye uwanja wa maduka, kibanda kilichokuwa cha soseji zamani. Harufu ya haradali ilikuwa imeingia kwenye mbao, na haikutoka hadi mwaka wa tatu.

Mama Shen alikuwa mwanamke mfupi wa rika langu, kutoka Tianjin, mji mkubwa wa kaskazini mwa China. Kiswidi chake na changu vikijumlishwa havikufikia cha Mswidi mmoja. Hakuniuliza vyeti. Alinipa kijiti chenye umbo la herufi T, akachota uji wa choroko, akaumwaga katikati ya bamba la moto, akauzungusha mara moja. Ikatokea chapati nyembamba ya kuona vidole ng'ambo ya pili. Akavunja yai juu yake, akalitandaza, akatia majani ya kitunguu na pilipili, akakunja. Kisha akanionyesha bamba kwa kidevu: zamu yako.

Ya kwanza ilitoboka. Ya pili ikawa nene kama soli. Kila nilipokandamiza kijiti alinigonga kwenye vifundo vya vidole kwa kijiko, bila hasira, kama mtu anayefukuza nzi. Siri yake niliipata wiki ya pili: kijiti hakikandamizwi, kinaelea, na mkono hauanzi kuzunguka kwenye bega, unaanzia kwenye kiwiko. Zilizoharibika nilipeleka nyumbani. Mke wangu Furaha alicheka hadi akaketi.

“Papa Riziki,” akasema, “miaka makumi tatu haujashika mwiko mu nyumba yangu. Leo uko unafundishwa mapishi na Mchina?”

“Miye niko kazini,” nikamjibu. “Ile ya nyumbani si kazi yangu.”

Alinikumbusha jibu hilo kwa miaka yote kumi na moja ya kibanda.

Majira ya baridi yalinifundisha mengine. Uji wa choroko ukilala kibandani huganda, kwa hiyo ulale nyumbani. Kufuli likishikwa na barafu msilimwagie maji ya moto. Nilifanya hivyo mara moja, na baada ya muda mfupi nikawa na kufuli ndani ya barafu mpya, nzuri kuliko ya kwanza. Glavu zikatwe ncha za vidole viwili tu, kidole gumba na cha shahada, vingine havina kazi pale.

Mbali na chapati tuliuza mikate ya mvuke, ile midogo myeupe yenye nyama ndani, inayoiva kwenye vikapu vya mwanzi. Unga nilikanda mimi. Nyama ilikuja tayari. Mama Shen aliichanganya nyumbani kwake na tangawizi, majani ya kitunguu, sosi ya soya na mafuta ya ufuta, akaileta kwenye ndoo yenye kifuniko. Ilikuwa na rangi ya kahawia, ikinukia vizuri. Mimi kazi yangu ilikuwa kuchota, kufunga na kubana mikunjo. Sikuwahi kuuliza zaidi.

Wa kwanza kuuliza alikuwa Hajati Zulaika. Huyu alikuwa Mganda, mama mzima mwenye miwani mikubwa, msaidizi katika nyumba ya wazee. Aliikimbia Kampala zamani akiwa binti, akaishi Nairobi miaka kadhaa, na Kiswahili chake alikitoa huko. Siku ya kwanza aliona chapati yangu ya yai ikikunjwa, akapiga kelele katikati ya uwanja: “Haiya! Hii si ni roleksi?” Kampala, mtajua, chapati iliyoviringishwa na mayai huitwa hivyo, na huuzwa kando ya barabara. Akala akiwa amesimama, machozi yakimtoka, akasema ni baridi. Kuanzia hapo akawa wa kwetu.

Wiki hiyo hiyo alielekeza kidole kwenye vikapu vya mvuke.

“Na hizi, mzee, ziko na nyama gani?”

Nikamgeukia Mama Shen. Nyama kwa Kiswidi ni kött, neno hilo sote wawili tulilijua vizuri. Nikamuuliza: ni kött gani? Akaniangalia kana kwamba nimeuliza maji ni maji gani. “Kött,” akasema. “Vanligt kött.” Nyama. Nyama ya kawaida.

Sasa nyinyi mnajua kwetu nyama ya kawaida ni ipi. Uvira, Kampala, Nairobi, ukitumwa kununua nyama ukarudi na kitu kisichokuwa ng'ombe, utarudishwa. Mbuzi huitwa mbuzi, kuku huitwa kuku, samaki huitwa samaki. Nyama yenyewe ni ng'ombe.

“Iko ya ng'ombe, Hajati,” nikamwambia.

“Imechinjwa na nani?”

Kila asubuhi nilimwona Mama Shen akitoka kwenye bucha la Msomali pale uwanjani akiwa na mfuko. Nikasema, tena kwa sauti ya mtu anayejua, “Inatoka kwa Msomali yule pale.”

Akamtazama Mama Shen. “Mzee, mimi huyu mama simjui. Nakuuliza wewe.”

“Niko nakuambia.”

Akanunua minne.

Hilo la Msomali niliongeza mwenyewe. Hakuna aliyeniambia. Mfuko ule ulikuwa na vichwa na miguu ya kuku kwa supu ya Mama Shen, jambo ambalo ningelijua kama ningechungulia.

Ramadhani ya mwaka ule iliangukia Novemba, na Novemba ya Stockholm jua huzama saa tisa na kitu mchana. Futari ikawa inafika nikiwa bado kazini. Hajati alikuwa amemleta mama yake kutoka Kampala, bibi mwembamba asiye na jino hata moja, aliyekuwa akivikwa makoti mawili na kukalishwa kwenye benchi mbele ya kibanda. Kwa umri wake funga haikumlazimu, lakini alifunga. Adhana ikilia kwenye simu ya Hajati, bibi anakula tende, anakunywa maji, kisha ananyoosha mkono dirishani na mimi namwekea mkate wa mvuke uliopoa kidogo. Aliutafuna kwa ufizi taratibu. Aliuita mandazi ya mvuke. Alinishukuru kwa Kiganda, maneno marefu, na Hajati akanitafsiria kwamba mama anakuombea.

Nilifurahi sana mwezi ule, nakiri. Mara ya kwanza tangu niingie nchi hii niliona mikono yangu ina faida kwa mtu. Hajati akawaleta na akina mama wengine wa darasa lake la Kurani. Machi bibi akapata nimonia, akafariki. Nilikwenda makaburini na mkate sikupeleka, maana haikuwa desturi, lakini nilifikiria kuupeleka.

Julai Waswidi wote wanaondoka mjini, uwanja unabaki na njiwa. Mama Shen alifunga kibanda, akaniambia twende Tianjin wiki tatu. Alikuwa anakwenda kumwona mama yake, akahitaji mtu wa kubeba vikapu vipya, na kwa maoni yake chapati yangu bado ilikuwa ya mtu aliyesikia habari za chapati. Pasipoti yangu ya Kiswidi ilikuwa mpya, ina kurasa zote nyeupe. Furaha akanifungia dagaa kwenye begi ili nisife njaa, katika nchi yenye chakula kila hatua mbili.

Nitawaambia kuhusu kichochoro kile, kwa sababu kibanda chenu kilizaliwa pale. Saa kumi na mbili asubuhi kimeshajaa. Mvuke umepanda hadi kwenye nyaya za umeme. Watu wanakula wakiwa na nguo za kulalia, wengine wako juu ya baiskeli, mguu mmoja chini. Kuna anayekaanga vijiti vya unga, kuna anayemimina maziwa ya soya, na kwenye mstari wa chapati watu wamesimama na mayai mkononi. Ndiyo, kila mtu na yai lake kutoka nyumbani. Mpishi anapokea yai la mtu, analivunja juu ya chapati ya mtu huyo, wala halichanganyi na la mwingine. Nilipenda desturi hiyo mno, nikajaribu kuianzisha Tensta. Mkaguzi wa afya alinieleza kwa upole sababu sita za kukataa.

Kuwa mgeni kule kulikuwa kazi ya pili. Watoto walinigusa mkono wakaangalia vidole vyao kama rangi imebaki. Wazee walisogeza vibago vyao niketi, wakanitazama nikitafuna hadi mwisho, wakapongezana. Siku ya nne nilikuwa nimesimama pembeni nahesabu kwa sauti mizunguko ya kijiti cha mpishi mmoja, moja, mbili, tatu, nikasikia nyuma yangu:

“Shikamoo, baba.”

Nusura niangushe yai langu. Alikuwa binti mwenye ushungi, Mwanahamisi, mzaliwa wa Tanga, mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa nne pale Tianjin. Tulizungumza kama ndugu waliopotezana, ingawa Kiswahili changu kilimchekesha. Nikataka kumkaribisha kifungua kinywa, nikaelekeza kwenye vikapu vya mvuke.

“Hapana, baba, ahsante. Mimi nakula kule kwenye kibao cha kijani, kwa Waislamu wa hapa. Hii ni nguruwe.”

“Wamekuambia? Mbona pale pameandikwa nyama tu? Mama wangu wa kazi alinisomea.”

“Ndiyo hivyo baba. Hapa ukisema nyama peke yake, umeshasema nguruwe. Ng'ombe anatajwa kwa jina lake, kondoo kwa jina lake. Nyama tupu ni nguruwe. Wageni wote tunaanza kwa kukosea hapo.”

Nilimwomba aseme tena. Akasema tena, polepole, akidhani Mkongo hajaelewa Kiswahili chake. Nikaketi kwenye kibago. Mawazoni nilimwona yule bibi wa benchi akinyoosha mkono dirishani.

Nyumbani kwa mama yake, Mama Shen alikuwa anakatakata nyama kwa kisu kipana. Nikamuuliza: kött ya Tensta, mnyama gani? Akajibu kött. Maneno yakatuishia. Basi nikafanya pembe kwa vidole, nikalia kama ng'ombe. Alicheka, akatikisa kichwa, akabonyeza pua kwa kidole, akaguna kama nguruwe. Mama yake, aliyekuwa kitandani pembeni ya dirisha, naye akacheka. Mimi nikaanza kulia. Wazee watatu chumbani, mmoja ng'ombe, mmoja nguruwe, na hakuna aliyejua afanye nini.

Ilichukua muda kumweleza. Hajati alimkumbuka, ushungi aliukumbuka, bibi wa benchi alimkumbuka zaidi. Nilipofika kwa bibi aliweka kisu chini. Akamtazama mama yake, ambaye alikuwa na bakuli la uji kifuani na kinywa kisicho na meno.

“Kusema, hapana,” akaniambia mwishowe kwa Kiswidi chake. “Amekufa. Binti hajui. Sisi badilisha nyama, kesho ng'ombe, basi.”

Nami nilitaka sana kumtii. Siku zote zilizobaki nilijiambia kwamba kunyamaza ni huruma. Nikirudi kutoka kichochoroni natambua kwamba ninayemhurumia ni mimi. Kama ningesema, Hajati angebeba jambo hilo kuhusu mama yake maisha yake yote. Nisiposema, ningemuuzia mikate dirishani miaka yote nikijua, naye akinishukuru.

Tulirudi Agosti. Kabla sijaamua, Mama Shen alivichukua vikapu vyote vya zamani, sufuria, ndoo, akavitupa. Alinunua vipya hata vile ambavyo havikuhitajika. Hakusema kwa nini. Akaniongoza hadi kwa Msomali, akaelekeza nyama ya ng'ombe, akanielekeza mimi: wewe nunua, wewe tazama ikisagwa. Njiani akaniomba nimfundishe neno letu. Likamsumbua wiki nzima. Alisema gombe, akasema ngumbe, hadi likakaa.

Hajati alikuja Jumanne, anatabasamu, akauliza safari. Nilitoka nje ya kibanda, maana jambo kama lile halisemwi dirishani. Tukaketi kwenye benchi lile lile. Nikamwambia lote, la kött, la Msomali, la kibao cha kijani. Sikutaja huruma. Alinisikiliza akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili.

Ndani uji ukaanza kuungua juu ya bamba, nikauacha.

“Asiyejua hana dhambi,” akasema hatimaye. “Dini iko wazi hapo. Mama yangu yuko salama, na mimi niko salama. Huyu mama wa Kichina pia alisema ukweli wake.” Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. “Lakini wewe, mzee. Nilikuambia simjui, nakuuliza wewe. Na wewe ulijua kwamba hujui.”

Akainuka, akaenda. Nikaingia ndani kukwangua uji ulioungua.

Akina mama wengine niliwaambia mmoja mmoja. Wawili walinitukana, mmoja alitapika, mmoja alinikumbatia, na huyo wa kunikumbatia ndiye aliyenitia aibu zaidi. Hajati akaanza kupita upande wa pili wa uwanja, ukutani kabisa. Nilijua saa zake. Saa nane na robo nilikuwa nainua macho kutoka kwenye bamba, naona koti lake la kijani likipita, nainamisha macho. Furaha aliniambia niache kazi ile nitafute nyingine. Nikamwambia nikiacha, atakayenirithi hatajua ni swali gani liliulizwa hapa.

Mwaka ukazunguka, Ramadhani ikarudi, mapema kidogo kuliko ya kwanza. Siku moja baada ya adhana nikainua macho na koti la kijani lilikuwa kwenye foleni. Watu watatu mbele yake. Nikaharibu chapati zote tatu.

“Nyama gani?” akauliza. Hakusalimia.

“Ya ng'ombe. Nimenunua mwenyewe leo asubuhi kwa Msomali, nimeona ikikatwa, nimeona ikisagwa. Vikapu vilibadilishwa Agosti.”

“Na huyo?”

Mama Shen alisogea dirishani, akafuta mikono kwenye aproni, akasimama wima kama mwanafunzi.

“Ng'ombe,” akasema.

Hajati hakucheka, ingawa mdomo ulimcheza. Alinunua mmoja, akaula pale pale amesimama, akaondoka. Wiki iliyofuata akaja tena, akauliza tena. Nami nikajibu tena, lote, tangu bucha hadi kikapu. Hivyo ndivyo tulivyoendelea. Aliuliza nikiwa na mafua, aliuliza siku binti yake anaolewa na foleni imejaa wageni wake. Watu walidhani ni utani wetu. Haukuwa utani, na sikumjibu hata mara moja kwa kifupi. Kulikuwa na asubuhi nilichelewa bucha, Msomali akanikabidhi mfuko uliosagwa tayari, mfuko wa mtu ninayemwamini. Siku hiyo nilimwambia Hajati, leo sikuiona ikisagwa. Akatafakari, akasema, “Basi nipe chapati ya yai.” Msilione hilo dogo.

Miaka miwili iliyopita Mama Shen alirudi Tianjin kwa sababu ya mama yake, ambaye bado anakula uji na kucheka. Hunipigia simu Jumapili. Hasemi haloo. Husema “Ng'ombe,” nami najibu “Ng'ombe,” ndipo tunajuliana hali.

Siku yangu ya mwisho mlikuwapo, lakini mlikuwa mnahangaika na keki mliyoninunulia, kwa hiyo hamkuona. Saa nane na robo Hajati alikuja, siku hizi na fimbo. Hakupanga foleni, maana watu humpisha. Akaegemeza fimbo chini ya dirisha, akavua glavu.

“Nipe miwili, Baba Riziki.”

Nikafungua kikapu, mvuke ukaniingia kwenye miwani. Nikasubiri swali lake. Alikuwa anaangalia benchi. Nikaiweka miwili kwenye karatasi, nikasubiri tena, mkono wangu ukiwa bado umeishika. Akanyoosha wake.

“Ni ya ng'ombe, Hajati,” nikasema. “Nimenunua mwenyewe leo asubuhi, nimeona—”

“Sikukuuliza, mzee,” akasema, akauma.